Kidonda Kisichouma

Mukandori aliumwa na buibui mara moja tu katika maisha yake, na kuumwa huko kulimpa kazi ya miaka ishirini na sita.

Alikuwa bado bibi harusi, mwaka wa kwanza nyumbani kwa Viateur, kwenye kilima kinachokitazama kijiji cha Kingi kwa juu. Ilikuwa mwezi wa sita. Maharagwe yalikuwa yamekauka, na wanawake walikuwa wanabeba mashina yake kutoka shambani kwenda kwenye kiwanja cha kupuria. Akakumbatia mzigo kifuani, akasikia kitu kama ncha ya sindano chini ya kwapa. Kidogo tu. Alipokung'uta nguo akaanguka buibui mweusi, tumbo la mviringo kama punje ya njegere. Wakamponda kwa jiwe, kazi ikaendelea.

Lakini kabla jua halijafika utosini, maumivu yalikuwa yametoka kwapani yakaingia mgongoni, yakashuka kiunoni, yakazunguka mbele. Tumbo likakaza likawa ubao. Jasho lilimtoka mpaka kitenge kikalowa, moyo ukamwenda mbio, akatapika, miguu ikatetemeka, akawa hawezi kulala wala kukaa. Siku mbili alilia kilio ambacho mama mkwe wake alisema hata mwenye uchungu wa mapacha hakitoi. Siku ya tatu maumivu yakalegea yenyewe, akaomba uji.

Nani alimponya? Hakuna. Mama mkwe alikuwa amemchanja kwa wembe na kumpaka majani, lakini yeye mwenyewe hakujisifu. Sifa ikamwangukia Mukandori. Mtu aliyeumwa na buibui na asife, watu walisema, huyo anamjua buibui. Wakaanza kuja kwake.

Walikuja na majipu, na vipele vya watoto wachanga, na vidole vilivyovimba kwa miiba, na wote walisema ni buibui. Sikieni, hawakuwa wajinga. Ukiamka asubuhi na kidonda ambacho jana hukuwa nacho, unataka kiwe kimeletwa na kitu chenye jina, na nyumba gani ya udongo inakosa buibui? Mukandori akajipatia kwa mchuuzi mmoja wa Kashebere lile jiwe jeusi, kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa kama mkaa. Unachanja ngozi kidogo, unalibandika juu ya damu, linashika, na watu husema linakunywa sumu. Likidondoka lenyewe, sumu imekwisha. Alichemsha wembe wake, alinawa mikono, na hakudai kitu. Waliotaka kumshukuru walikuja kumsaidia kupalilia. Wengi walipona, kwa sababu majipu, hata ukiyaacha, mengi hupona.

Kilimani walimwita Mama Astrid, kwa jina la binti yake aliyeolewa kule Pinga. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Buibui. Alijua, na hakukasirika. Tuseme ukweli tu, alipenda. Alikuwa mwanamke aliyeacha shule darasa la tatu, mikono yake yote udongo wa mihogo, na hata mke wa katekista alimtumia mtu kumwita.

Basi mwaka huu, wakati huohuo wa maharagwe, ng'ombe wa Nizeyimana akafa.

Nizeyimana alikuwa jirani yao wa upande wa juu. Miaka ya kukimbia vita na kurudi ilikuwa imemmalizia mifugo, akabaki na ng'ombe mmoja. Ijumaa asubuhi ng'ombe huyo alikuwa anakula majani. Mchana alikutwa amelala miguu imenyooka, damu nyeusi ikimtoka puani, nayo haigandi. Nizeyimana alisimama karibu yake ameshika kofia, kama mtu aliye kaburini.

Kilima kile kina desturi yake. Ng'ombe wa jirani akifa, kila nyumba inachukua fungu la nyama. Huulizi alikufaje. Kisha, kila nyumba kwa wakati wake, unarudisha chochote, ndoo ya maharagwe au siku mbili za kulima, mpaka mwenzako apate ndama mwingine. Anayekataa fungu ni kama amemcheka mwenye msiba. Daktari wa mifugo aliwahi kusimama baada ya misa akawaambia kwamba ng'ombe aliyekufa mwenyewe haguswi, anafukiwa chini sana. Wote walimsikia. Lakini daktari wa mifugo hakuwa jirani wa Nizeyimana.

Viateur ndiye aliyechuna, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa kisu.

"Papa Nizeyimana," alisema huku akivuta ngozi, "hii ng'ombe yako iko na kichwa nguvu sawa na bwana yake. Imekufa, lakini inakatala kuvua nguo."

Watu wakacheka, na Nizeyimana mwenyewe akacheka, machozi yakiwa bado machoni. Viateur akaitupa ngozi ile begani, mbichi vile, akaipeleka mpaka kwa mwenyewe. Adelaïde, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikata nyama na kuosha utumbo. Nyumba zote zikala. Nyama ilichemshwa sana, na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo.

Jumatatu Viateur alibeba mashina ya maharagwe siku nzima. Jumanne alfajiri alikuwa anajikuna shingoni.

"Mama Astrid, angalia huku. Kitu kiliniuma."

Ilikuwa kipele kidogo, chekundu, chini ya sikio.

"Ulibeba maharagi kwa bega gani?"

"Bega hii hii."

"Njo yeye," alisema Mukandori, akimaanisha ndiye buibui, na akaenda kuchemsha wembe.

Viateur akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. "Bengine banatembea mpaka Masisi kutafuta daktari. Miye niko naye mu kitanda."

"Nyamaza, utanifanya nikate sikio."

Jiwe likashika. Jumatano lilidondoka lenyewe. Lakini mahali pale palikuwa pamezungukwa na malengelenge madogo ya maji, na katikati pamebonyea na kuwa peusi kama mkaa. Shingo ilikuwa imevimba, laini, kama unga uliokandwa.

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo," Viateur akasema. "Njo maana najua dawa yako inatumika muzuri."

Mukandori akafurahi. Hapa ndipo ningependa kumshika mkono, kama mtu angeweza. Alifurahi kwamba kidonda hakiumi.

Siku hiyohiyo Adelaïde alivuka kijito na mkono wa kuume ameufunga kitambaa. Juu ya kiganja, kidonda kilekile, duara lilelile, weusi uleule.

"Hii buibui yenu ya ku ngambo njo ilivuka kuya kwangu?" alitania. "Mama Astrid, uifunge kamba! Miye niko mujane, sitaki wageni."

"Mwaka huu ziko mingi. Ni sababu ya jua."

Akamchanja, akambandika jiwe, akamwambia maneno ambayo alikuwa ameyasema kwa miaka yote. Likidondoka, usiogope tena.

Alhamisi uvimbe wa Viateur ulifika kwenye taya na ukaanza kushuka kifuani. Homa ikampanda. Sauti yake ikawa ya mtu mwingine, imebanwa. Mukandori akaling'oa lile gamba jeusi, akakata tena, safari hii ndani zaidi. Alitafuta usaha, hakuona. Yalitoka maji tu. Hapo kitu kikamgusa moyoni, kwa maana alikuwa ameona majipu mengi, na hakuna jipu lisilo na usaha. Alikitazama kitu hicho, akakisukuma pembeni. Kushuka kituo cha afya cha Kingi, yeye, na mume wake mgongoni mwa watu? Wale aliowatibu wangesema nini? Akachanja mara ya tatu.

Ijumaa asubuhi Viateur alishindwa kumeza maji. Akamshika mkewe kitenge.

"Mama Astrid. Unishushe."

Vijana wanne walimbeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti ambacho kila kilima kinacho kwa ajili ya wagonjwa. Mukandori alitembea nyuma akibeba sufuria na blanketi.

Muuguzi wa kituo aliitwa Esdras, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alivaa glavu kabla ya kugusa chochote. Aliinama, akatazama shingo ile kwa muda mrefu, halafu akauliza bila kugeuka:

"Nani aliona buibui?"

Wakaangaliana.

"Ilimuuma mu maharagi," Mukandori akasema.

"Nasikia, mama. Nauliza nani aliiona na macho."

"Hakuna."

"Kuko muntu mwengine mwenye kidonda sawa hii?"

"Iko jirani mumoja, Adelaïde. Ku mukono."

"Munalala nyumba moja?"

"Hapana. Yeye iko ngambo ya mutoni."

Esdras akatikisa kichwa. "Ile buibui iko na miguu munane, mama, lakini haina pikipiki." Hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Mukandori, akashusha sauti kama anayemwomba msaada. "Banasema weye ulishaumwa na buibui ya kweli. Uniambie, ilikuwa aje?"

Hilo lilikuwa jambo alilolieleza mara mia, kwenye mazishi na kwenye harusi. Akaanza kwa haraka yake ya siku zote. Sindano chini ya kwapa. Maumivu kupanda, kushuka, kuzunguka. Tumbo ubao. Jasho. Kutapika. Siku mbili za kulia... Na kadiri alivyoendelea, maneno yakawa yanatoka polepole, kwa sababu Esdras alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo la Viateur na anabonyeza, na tumbo lilikuwa laini.

"Papa alilia?" Esdras akauliza.

"Hapana."

"Alitapika? Alilowa jasho, miguu ikatetemeka?"

"Hapana."

"Ile kidonda inamuuma?"

Mukandori akautazama ule weusi shingoni. Mwili wake wenyewe ulikuwa unajua jibu tangu miaka ishirini na sita, na haukuwa umeulizwa.

Esdras akaendelea taratibu: "Kuko buibui ingine inaozesha nyama, ni kweli. Lakini ile inauma, na haiwezi kuuma nyumba mbili mu wiki moja. Sasa nauliza kitu, na musinifiche. Muliguza ng'ombe yenye kufa yenyewe?"

Vijana wanne wakatazama sakafu. Wote walikuwa wamekula. Mukandori aliona kofia mikononi mwa Nizeyimana, na aibu ya mtu aliyebaki na ng'ombe mmoja, na desturi ambayo haijawahi kufikishwa mbele ya mtu wa serikali.

"Hapana," akasema.

Kitandani Viateur alijaribu kusema, ikatoka pumzi tu. Akainua mkono, akapiga bega lake mara mbili, palepale palipobeba mzigo.

"Ngozi," alisema. "Nilibeba ngozi."

Esdras akasimama mara moja. Akiwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano aliwaeleza, bila ukali. Ni ugonjwa wa ng'ombe, Wafaransa wanauita sharbo, na wengine wanasema kimeta. Unakaa katika damu na katika ngozi, hata katika udongo alipolala mnyama. Unaingia kwa mkwaruzo ambao hata huuoni. Kipele kinachowasha, kisha maji, kisha weusi, na uvimbe mkubwa, na hauumi. Ukiwahi, ni dawa ya kawaida tu, hii hii. Ukichelewa, unaingia katika damu ya mtu. Na kukata kunaufungulia mlango.

Alipofika hapo akazikumbuka zile chale shingoni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Alimdunga, akaandika barua ya hospitali kubwa, kwani shingo ilikuwa inamfunga pumzi, na pale hakuwa na chombo cha kuifungua. Kabla hawajainua kipoyi alimshika Mukandori bega. "Yule mama wa ku mukono. Leo. Umwambie ashuke leo."

Viateur alikufa njiani, kabla ya kilima cha pili. Wabebaji walisikia uzito umebadilika, wakasimama wenyewe. Mukandori aliweka sufuria chini, akamfunika uso kwa kitenge ambacho mumewe alikuwa amekishika asubuhi. Wakageuza.

Walimzika Jumamosi. Kilioni, mjane anakaa kwenye mkeka ndani ya nyumba, wanawake wamemzunguka, wala hatoki mpaka siku zitimie. Mukandori alikaa. Neno la Esdras lilikuwa mdomoni mwake tangu Ijumaa, na alishindwa kulitema wala kulimeza. Alijiambia, nikimaliza kuzika. Alijiambia, watu wakipungua. Jumapili mchana Adelaïde akaingia na sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, na sombe ya majani ya mihogo, akaiweka mbele yake kwa mkono wa kushoto. Wa kuume alikuwa ameuficha chini ya shali, na shali haikutosha. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Kula kidogo, Mama Astrid. Nimepika na mukono moja, chumvi itakuwa ya bahati."

Mukandori akasimama. Wanawake wakadhani anataka kutoka nje, wakasogea. Lakini alibaki pale katikati, na akasema kwa sauti ya kufika mpaka uani walikokaa wanaume.

"Si buibui. Ya Viateur haikukuwa buibui, na yako haiko buibui. Ni ugonjwa ya ng'ombe. Ilitoka mu ile nyama."

Halafu Nizeyimana akasimama uani, akasukuma watu mpaka mlangoni.

"Unasema nini? Unasema ng'ombe yangu njo iliua Viateur? Muntu mwenye nilikuwa nakula naye?"

"Nasema ng'ombe, na mukono yangu. Nilimukata mara tatu. Esdras alinituma Ijumaa nimwambie Adelaïde, na nikanyamaza siku mbili."

"Kilio inamuchanganya," mwanamke mmoja akanong'ona.

Adelaïde alikuwa anamtazama kama anayetafuta wapi pa kucheka. "Lakini ni weye ulinambia, likidondoka nisiogope tena. Na haiumi, Mama Astrid! Ingekuwa mbaya ingeuma."

"Njo vile alisema na bwana yangu."

Adelaïde akakaa chini, pu, kama mtu aliyevutwa na ardhi. Akasema haendi. Akasema kama ni kufa atafia kwake, kuliko kubebwa njia ileile. Mukandori hakubishana. Alivaa viatu vyake, jambo ambalo mjane halifanyi, akainama, akamshika mkono mzima na kumwinua. Nyuma yao sauti zilipanda: mjane ameacha mkeka, siku ya pili, mchana kweupe, hivi wamewahi kuona? Mama mmoja mzee alipiga mikono na kufunika uso. Wanawake hao wawili wakashuka kilima.

Esdras alimdunga Adelaïde, akampa vidonge vya siku nyingi, akapima uvimbe kwa kamba na kuweka alama ya kalamu ulipoishia. Uvimbe ule haukuvuka tena alama yake, ingawa hayo yalijulikana baadaye. Siku ile hakuna aliyejua kitu.

Adelaïde alipokuwa amelala, Mukandori akauliza kile alichokuja nacho.

"Ningemuleta Jumanne?"

Esdras alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jumanne, mama, bengi banapona."

"Na Jumatano?"

"Na Jumatano."

Hakuuliza Alhamisi. Akamshukuru, akapanda peke yake, huku mawingu yakishuka upande wa Masisi. Alipofika, wanawake walimpisha. Akavua viatu, akarudi kwenye mkeka. Sahani ilikuwa bado pale, bukari imekauka juu. Hakuna aliyeketi karibu naye.

Jioni ilipoanza, mlango ukaingia giza. Alikuwa Nizeyimana, amesimama kizingitini. Hakuingia. Alikunja mkono wa koti lake polepole, akaunyoosha mbele ya wote. Kwenye kifundo palikuwa na doa jeusi, na nyama imeumuka kulizunguka.

"Mama Astrid," alisema. "Na hii?"

Mukandori aliinama mbele akalitazama bila kuligusa.

"Inakuuma?"

"Haiumi."

"Iko na siku ngapi?"

"Ine." Akaushusha mkono wa koti. "Nilikuwa naificha."

"Shuka sasa, Papa Nizeyimana. Esdras bado iko anakaa na Adelaïde."

Hakuondoka. Mtu yule aliyekuwa amepiga kelele mchana alisimama akiushika mkono wake mgonjwa kama si wa kwake. "Nitamwambia nini, Mama? Ng'ombe ilikuwa yangu."

"Utamwambia njo vile," Mukandori akasema. "Miye nilishasema yangu."